Kishubaka cha Junko

Theluji ya kwanza ikishika kwenye ngazi za nyuma
wanakuja. Sijui nani huwapa habari.
Jana uwanja ulikuwa na majani ya mwaloni tu,
leo wako ishirini na kitu chini ya meza ya mtama,
wanarukaruka kwa miguu yote miwili, mbele kidogo, nyuma kwa nguvu,
wanaifukua theluji kama mtu aliyeangusha funguo.

Mgongo rangi ya ubao wa shule uliofutwa vibaya.
Tumbo jeupe, na mpaka umenyooka,
kana kwamba ndege aliketi ndani ya bakuli la maziwa
yakamfika kifuani.
Mdomo mfupi, wa waridi, kidole cha mtoto aliyetoka kuoga.
Akishtuka akaruka, manyoya ya pembeni mwa mkia
yanafunguka meupe, pap, yanafungwa.
Nilipanga barua miaka thelathini na moja
katika posta ya Rapid City:
pembe ya bahasha naijua nikiiona.

Orval aliwaandika kwenye daftari la duka la mbegu,
kwa penseli, herufi kubwa za fundi reli:
wa Kijivu, anayeshuka kutoka Kanada;
wa Oregoni, kichwa cheusi kama kofia iliyovutwa hadi shingoni,
mgongo wa kahawia, mbavu rangi ya kutu;
wa Mgongo Mwekundu, tuliyemwona mara moja,
Kolorado, siku gari lilipotuharibikia;
na wetu, wa Mabawa Meupe, mkubwa kuliko wenzake,
anayetaga kwenye misonobari ya Vilima Vyeusi
na hana habari na kwingine.
Majina manne, spishi nne.
Alijivuna kama baba wa mabinti wanne.

Kisha, mwaka sabini na tatu, wataalamu wakakaa mahali
(sikuwaona, ila nawafikiria na kahawa yao)
wakasema: hawa wakikutana mipakani huoana,
vifaranga hutoka na kofia ya baba na mbavu za mama,
basi ni mmoja. Junko Macho-Meusi.
Mstari wa kalamu, kwisha.
Orval alikaa na kitabu kipya mapajani
kama mtu aliyeletewa deni la benki.
"Nililala nina ndege wanne," alisema, "nimeamka na mmoja,
na uwanjani hakuna aliyeondoka."

Yeye hakuishi kuyaona mengine:
shomoro wote wa Amerika, junko akiwamo,
walitolewa kwenye ukoo wa binamu zao wa Ulaya
wakapewa ukoo wao wenyewe.
Ndege hawakupewa notisi.

Kazini kila mtaa ulikuwa na kishubaka chake.
Barua isiyo na kwake iliingia cha mwisho, chini kushoto,
na jioni hicho ndicho kilichokuwa kimejaa.
Kwa hiyo sikumcheka Orval.
Mitaa huunganishwa kwa amri ya siku moja,
mkono ukaendelea miaka kwenda palepale pa zamani.

Wasemao ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja
waje wakae dirishani kwangu saa moja asubuhi.

Juma lililopita Tashina, mke wa mjukuu wangu,
Mlakota wa Pine Ridge, mkavu wa maneno,
alikuwa anajaza fomu ya shule ya Royce mezani kwangu.
Visanduku vingi, vyote vidogo.
Kalamu ilisimama juu ya karatasi.
Mtoto alikuwa amebandika pua kwenye kioo.
"Bibi, wapo ishirini na sita."
"Wa aina gani?" nikauliza. Tabia ya Orval hiyo.
Alinitazama kama swali lililokosa anwani.
"Wenye njaa," akasema.

Tashina akacheka, akaiweka kalamu chini.
Nikavaa viatu vya marehemu, nikatoka na kopo la mtama.
Wakaruka wote kwa mpigo, bahasha zikafunguka,
isipokuwa mmoja wa mabawa meupe, aliyebaki kwenye ngazi.
Labda ni mzee. Labda amenizoea.

Daftari liko kwenye droo ya vijiko.
Sijafuta kitu.